Mjerumani Wangu Hadi Ujiji

Safari hii ilianza kwa sababu binti yangu Rehema aligoma. Subirini, msishtuke. Mchumba anampenda, mahari ilishapokelewa, na mashoga zake walishaanza kugombania sare. Alichogomea ni kutoka chumbani siku ya harusi ikiwa bibi yake wa Ujiji hatakuwepo. Bibi huyo ni Mama Mkubwa Tatu, dada wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyemlea Rehema miaka ile mke wangu alipokuwa anaumwa.

Sasa Mama Mkubwa alikuwa ameapa kutopanda gari tena maishani. Nyonga inamsumbua. Mara ya mwisho alipokuja Tabora, kwenye msiba, vijana walimnyanyua msobemsobe kumwingiza kwenye gari moja refu, kanga ikamvuka, na waombolezaji wote wakajifanya wanatazama paa. Mtu mzima wa heshima zake! Treni nayo ina ngazi zilezile za kumshinda. Kwenye simu aliniambia, "Mwanangu Yasini, nitawaombea dua nikiwa hukuhuku." Rehema akalia mpaka macho yakavimba. Nikasema basi, yaishe, naenda kumchukua mwenyewe na Mjerumani wangu.

Hapo lazima nimtambulishe Mjerumani. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Gongoni, hapa Tabora, na kitu chochote chenye mlango naanza kukipima kwa mlango wake. Daktari mmoja wa hospitali ya Kitete alipata uhamisho, akawa anauza gari lake la Kijerumani, lenye buti refu na tumbo lililokaa chini. Bei ilikuwa ndogo mpaka ukashuku, kwa sababu kila aliyekuja kulitazama aliondoka akitikisa kichwa. Spea hakuna. Mafundi hawalijui. Litakwangua kila tuta. Mimi nikafungua mlango, nikaufunga. Puf! Jamani, ulifunga kama kabati la mninga lililotengenezwa na fundi asiye na haraka. Nikaufungua tena, nikaufunga tena, na tena, mpaka mke wa daktari akatoka kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia tatizo ni moja tu, kwamba bado gari halijawa langu.

Mtaani walinicheka wakachoka. "Mjerumani karudi Tabora!" walisema wazee wa baraza la kahawa. "Mpelekeni Bomani, ngome aliyoijenga bado ipo!" Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya mtoto aliyevaa viatu vipya.

Alfajiri ya siku ya kuondoka, shemeji yangu Hamisi alikuwa ameshafika mlangoni. Hamisi ni dereva wa teksi, ana gari la Kijapani analolipenda kuliko ndugu zake, na alijialika safarini ili ashuhudie aibu yangu kwa macho yake. Mkononi alikuwa na kamba nene iliyokunjwa vizuri.

"Ya nini hiyo, shemeji?"

"Ya kukuvutia. Urambo hufiki."

Rehema alichungulia dirishani, akanipungia mkono. Nikawasha gari nikiwa na hofu na furaha, na sikujua ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Tulipoingia Urambo, gari likalia: ting! Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano ambayo sijawahi kuiona. Hamisi akapiga makofi. "Nilisema mimi! Hiyo ni injini. Hiyo ni kompyuta. Hiyo mpaka Dar!" Tukaegesha kando ya barabara, karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo na asali, mwenye rozari shingoni na maneno ya Kirundi mdomoni kila alipozungumza na wanawe. Tukafungua boneti, tukatazama ndani kwa makini sana, kama watu wanaojua wanachokitafuta.

"Habari za asubuhi, wazee," yule mama akasema. "Mnatafuta nini huko mbele? Mlipofunga breki niliona taa ya nyuma upande mmoja haikuwaka."

Nikazunguka nyuma. Kweli balbu ya breki imeungua. Gari lilikuwa linanieleza tu, kwa adabu, kwamba taa yangu moja imekufa! Tulipata balbu yake kwenye duka la kawaida la spea hapohapo Urambo, tukaifunga wenyewe, na ile taa ya dashibodi ikazimika. Nilimnunulia Hamisi muhogo.

"Shemeji," nikamuuliza, "la kwako likiungua taa linakwambia?"

"Ananiambia trafiki," alijibu, mdomo umejaa.

Kuanzia Kaliua kuelekea magharibi, lami imenyooka katikati ya miombo, na hapo ndipo nilipopoteza akili kabisa. Nilikuwa naimba! Gari lile linakaa chini, kwa hiyo limeshika barabara, halipepesuki lori likipita, na kiti chake kimekushika mgongo pale ambapo mgongo unataka kushikwa. Niliwafikiria wapagazi waliotembea njia hii hii na pembe za ndovu mabegani, kijiji hadi kijiji, na mimi nipo hapa nimekaa kama bwana harusi. Nikageuka nimwambie Hamisi. Hamisi amelala! Mtu ambaye hajawahi kufumba jicho kwenye gari linaloendeshwa na mwingine alikuwa anakoroma mdomo wazi. Mshale wa dizeli nao ulikuwa umesogea kidogo tu.

Lakini sitawadanganya, maana wengine mtaenda kununua kisha mje karakana kunisema. Mbele ya hapo tulikuta kipande kinachotengenezwa, tukachepushwa kwenye vumbi, na tumbo la Mjerumani likakwangua jiwe: krrrr! Hamisi akaamka anatabasamu. Nikaenda taratibu kama nabeba mayai mpaka tukarudi kwenye lami. Na ni kweli pia kwamba spea kubwa huagizwa Dar, unasubiri, na fundi mwenye kompyuta ya kulipima hayupo kila kona. Ukichelewa kubadilisha oili, linakununia. Anayetaka gari la kuzungukia mashamba ya tumbaku kila siku na aendelee na la kwake refu. Mimi nasema habari za dereva wa kawaida, wa mjini na lami, anayeogopa gari zuri kwa sababu ya hadithi za barazani.

Uvinza tulisimama kuswali na kula, tukanunua chumvi kidogo ya kupeleka nyumbani, na jua lilipoanza kulegea tukaingia Ujiji. Mama Mkubwa alikuwa uani anachambua mchele. Tulimsalimia, "Shikamoo, Mama Mkubwa," akaitika, "Marahaba wanangu," kwa furaha ya kweli, akatukaribisha wali na samaki wa ziwani, migebuka. Tulipomaliza kula akaweka mambo sawa kabla sijafungua mdomo.

"Mmekuja kunitazama, ahsanteni. Kesho mtarudi na zawadi za mjukuu wangu. Mimi gari sipandi."

"Mama, Rehema hatatoka chumbani."

"Unadhani sitaki?" akasema polepole. "Namuota kila siku. Lakini sitanyanyuliwa tena kama gunia, Yasini. Hata kwa Rehema."

Nilitoka nje nikasimama karibu na gari, nikiwa na hasira na jiwe la Kaliua, na nyonga, na vijana wa msibani. Hapo nikakumbuka kitanda. Kitanda cha Mama Mkubwa nilikitengeneza mwenyewe, na nyonga ilipoanza nilikuja nikakikata miguu ili aweze kukaa na kuinuka bila msaada. Futi yangu huwa haibanduki kiunoni. Nikafungua mlango wa gari, nikapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti. Kisha nikaingia chumbani mwake bila hodi, nikapima kitanda. Nikapiga ukelele mpaka Hamisi akaangusha kikombe. Tofauti ilikuwa upana wa kidole!

"Pima tena," akasema Mama Mkubwa, amesimama mlangoni na mkongojo wake.

Nikapima tena mbele yake. Akaenda hadi kwenye gari, akaligeuzia mgongo, akashika mlango, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakuna aliyemgusa. Akajaribu kushuka, akashuka. Akakaa tena, akashuka tena, mara nyingi kuliko nilivyofungua na kufunga mlango wa daktari, na kila mara anacheka zaidi. Majirani wakaanza kutoka. Kule kukaa chini kulikochekwa Tabora nzima ndiko kulikotufaa, na mimi nilitamani kumbusu Mjerumani kwenye boneti.

Asubuhi tulipakia. Mama Mkubwa hawezi kwenda harusini bila mawese, kwa hiyo dumu kubwa la mawese likaingia nyuma karibu na viti vyangu vya rangi ya maziwa, na doa la mawese halitoki. Kamba ya Hamisi ikapata kazi hatimaye: tulilifunga dumu kama mfungwa. Karibu na Kaliua kundi la ng'ombe likamiminika barabarani ghafla, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, na gari likasimama palepale, limenyooka, mbele ya pua ya dume moja lenye dharau. Dumu halikusogea.

"Gari lina adabu hili," alisema Mama Mkubwa, akaendelea kutafuna karanga.

Hamisi akauliza, akitazama nje dirishani, kama yule daktari ana mwenzake anayehama.

Gongoni tuliingia jua likizama. Vigelegele vilianza tangu kona ya msikiti. Watu walikuwa wamejaa, na wengi wao walikuwepo kwenye ule msiba. Wapwa zangu wakakimbilia mlango wa gari, mikono tayari kunyanyua.

"Mwacheni mtu ashuke!" nikafoka.

Wakarudi nyuma. Mlango ukafunguka. Mama Mkubwa akatoa mguu, akatoa mwingine, akashika mlango, akainuka. Akaitengeneza kanga yake taratibu, hadharani. Safari hii hakuna aliyetazama paa. Rehema akatoka chumbani mbio, hina mbichi mikononi, mashangazi wanamfuata wakimkemea, akamkumbatia bibi yake na kumpaka hina mgongo mzima.

Kwa hiyo ukinijia karakana kuniuliza habari za magari ya Ulaya, nitakujibu yote, ya spea, ya mafuta, hata ya lile jiwe. Lakini kwanza nitakuuliza nani atakaa ndani yake, na kisha nitakuazima futi.

Mama Mkubwa hakuingia ndani upesi jioni ile. Alikuwa anapita kwa jirani mmoja mmoja na mkongojo wake, Rehema amemshika mkono, akimweleza kila mtu, hata wale waliokuwa wamesimama palepale wakimwona: "Nimeshuka mwenyewe."