Benki Isiyo na Nyumba

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa mama, sinia la njugu mapajani. Benki ilisema imepitia upya taarifa za wateja wake na kuona kwamba mimi ni mkazi wa Uganda. Haihudumii wakazi wa Uganda. Nilikuwa na siku kumi na nne za kuonyesha vinginevyo, la sivyo akaunti ingefungwa.

Nilimsomea mama. Akainua macho polepole, akalitazama paa letu, akautazama mpapai, akawatazama mbuzi wake wawili waliofungwa kando ya choo.

"Wametuhamisha lini?" akauliza.

Mimi sikucheka. Benki ile ni ya kwenye simu tu, na mchapishaji wa ng'ambo aliyeinunua riwaya yangu ya kwanza alikuwa akinilipa kupitia huko. Malipo ya mwisho yalikuwa njiani. Kwangu yalikuwa mwaka mzima wa kuandika. Miaka minne nilikuwa nimekaa katika ofisi ya wakala wa forodha kule Busia nikijaza fomu za mizigo: umetoka nchi gani, unakwenda nchi gani. Riwaya niliiandika kati ya lori na lori, kwenye migongo ya fomu zilizoharibika. Nilikuwa nimeshaaga na kurudi nyumbani Malaba, upande wa Kenya. Akaunti ikifungwa, kiti kile kilikuwa bado kinaningoja, na mto wake wa sponji uliopasuka.

Kosa lilikuwa langu, tena kosa la mtu wa mpakani. Kwetu kila simu ina laini mbili, moja ya huku na moja ya Uganda, ng'ambo ya mto, kwa sababu mtandao wa Malaba ni kama mbuzi wa mama. Haujui mpaka, unakwenda kwenye majani. Mtu akikuomba namba unampa ile yenye nguvu siku hiyo. Siku niliyofungua akaunti laini ya Kenya ilikuwa imelala, nikaandika ya Uganda, na wala sikuwaza mara mbili. Hata mchungaji wetu, anayehubiri huku miaka yote, hupatikana kwa namba ya Uganda.

Nilimpigia kaka yangu Nairobi.

"Hiyo ni kitu ndogo," akasema. "Andika unaishi kwangu. Niko na bili ya maji, niko na namba ya nyumba, barabara iko na jina."

"Lakini siishi kwako."

"Kwani benki itakuja kukutembelea?"

"Siishi kwako, kaka."

"Sawa basi. Endelea kuishi Uganda."

Alikata simu akicheka, na najua alinitakia mema. Lakini kicheko kile kilinichoma mahali ambapo palikuwa pameshachomwa. Tangu nianze kusoma hadithi zangu mbele ya watu jijini, nimeshauriwa mara nyingi nihame. Utaandikaje ukiwa kule, wananiuliza, kama kwamba maneno nayo yanahitaji lifti na kahawa ya povu. Mwandishi mmoja wa rika langu aliwahi kunitambulisha jukwaani kuwa natoka "huko magharibi," akipunga mkono kuelekea dirishani. Riwaya yangu yote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ni ya barabara inayopita mbele ya nyumba ya mama. Kisha nipokee malipo yake kwa kuandika kwamba siishi hapo? Hapana. Nilijua ni rahisi. Nilijua hakuna atakayejua. Nilikataa tu.

Kesho yake nilikwenda kwa naibu wa chifu, mzee anayetunza muhuri wake ndani ya soksi.

"Barua ya nini?" akauliza. "Basari? Kitambulisho?"

"Ya kuthibitisha kwamba naishi nyumbani, mzee."

"Nani amebisha?"

"Benki."

"Hiyo benki iko wapi nikaongee na meneja?"

"Haina jengo. Iko kwenye simu."

Aliiweka kalamu chini. "Ngoja nielewe. Benki yenyewe haina nyumba. Na inakuuliza wewe nyumba yako iko wapi."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe umekuja mbio."

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi waliangua kicheko, mmoja akajifunika uso kwa leso. Lakini mzee aliandika. Aliandika kwa mkono, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, kwamba ananifahamu tangu nikibebwa mgongoni, na kwamba nyumba ya mama yangu haijawahi kuhama. Sentensi hiyo ya mwisho sikumwomba. Akautoa muhuri kwenye soksi, akaupulizia pumzi, akaukandamiza kwa mikono miwili.

Nilipiga picha barua, nikaituma. Siku tatu baadaye benki ikataka tuonane kwa video, nikiwa nyumbani, ili waone mahali nilipo. Niliweka meza chini ya mpapai. Akatokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, akanisalimu kwa Kiswahili kizuri.

"Dada, barua tumeipata. Lakini haina jina la barabara."

"Njia yetu haina jina."

"Namba ya nyumba?"

"Haina."

Akasoma kitu kwenye kioo chake. "Halafu hata sasa hivi naona simu yako iko kwenye mtandao wa Uganda."

"Mtandao uko Uganda. Mimi niko hapa."

"Nakuelewa, dada. Ila mimi naweza kuandika tu kile ninachokiona."

Hapo nikainuka. Kama ni kuona, basi aone. Nilitoka na simu mkononi, nikapita lango, nikafika ukingoni mwa barabara kuu ambako malori yalikuwa yamejipanga kama kila siku, kichwa kwa mkia, hadi macho yanapoishia. Nikaigeuza kamera.

"Unayaona haya? Yote yanasubiri kuingia Uganda. Mtu hasubiri kuingia mahali ambapo ameshafika."

Kwenye lori la karibu dereva mmoja, mteja wa chai ya mama, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akikata kucha. Nikamwelekezea simu.

"Boss, hapa ni nchi gani?"

Alinitazama, akaitazama simu, akaitazama ile foleni.

"Kenya," akasema. "Siku ya tatu leo."

Yule dada wa benki alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesahau kwamba anarekodiwa. Kisha akarudisha sauti yake ya kazi. Ningeweza kubadilisha namba ya simu iwe ya Kenya, alisema, naye angeambatanisha video pamoja na barua. Nafasi ya barabara haiwezi kuachwa wazi. "Andika vile ungemwelekeza mtu wa bodaboda."

Nikaandika: Njia ya kwenda mtoni, lango la bati la bluu, penye mpapai, Malaba, Kenya. Maneno yote yakaenea.

Kilichobaki kilikuwa namba ya siri, ambayo ingekuja kwa laini ya Kenya peke yake. Mama alinionyesha kwa kidole nyuma ya choo, kwenye kichuguu. Nilipanda, mbuzi wakinitazama, nikainua simu juu ya kichwa. Nguzo moja ya mtandao ikatokea kwenye kioo. Mbili. Namba ikaingia, nikaijaza, na programu ikaandika: Nchi ya makazi, Kenya. Akaunti ilikuwa salama, na mwaka wangu pamoja nayo.

Sikuwa nimeshuka bado simu ilipotikisika tena. Ulikuwa ujumbe wa laini hiyohiyo ya Kenya, iliyokuwa imeshadaka mtandao wa ng'ambo ya mto, ukinikaribisha Uganda na kunitakia safari njema.

"Wamesema nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Wamekubali naishi kwako."

"Basi shuka umalizie njugu."