Aliyetuamkia Saa Nane Mchana

Naandika hili nikiwa na akili zangu timamu, na anayesema nimetunga aende akamuulize Masanja. Saa nane mchana, jua la Meatu likichoma, mdogo wangu Ngusa alinipa mgongo akamfuata mtu aliyebeba dumu la njano. Nilimwita mpaka koo likakauka. Nikakimbia. Wao walitembea tu, taratibu, na sikuwafikia. Umewahi kukimbiza mtu anayetembea, ukashindwa?

Ngoja nirudi nyuma.

Masanja anauza spea za pikipiki Bariadi mjini. Mwezi mzima alituita dukani kwake, mimi na Ngusa, kupanga safari ya kuvuka nyika mpaka Ziwa Eyasi kwa pikipiki mbili. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini upande ule nimechunga ng'ombe tangu utoto, ndiyo maana alinitaka.

"Tutavuka kama wazungu, ila bila mzungu!" alisema, na Ngusa akacheka mpaka akashika meza. Kitu chochote kilimchekesha yule.

Masanja alichora njia kwenye boksi la tairi, akaweka alama ya kisima mahali ambapo hata sisi wachungaji hatujui kama kuna kisima.

"Nani alishapita huku?" nikamuuliza.

"Hajapita mtu."

"Sasa kisima umekionaje?"

Akanipiga bega. "Ngosha, mwanaume mwenzangu, wewe chunga ng'ombe. Ramani niachie mimi."

Nilitaka tubebe madumu sita ya maji. Akayafanya mawili, eti petroli ndiyo muhimu, maji yako kisimani. Nikayafunga hayo mawili kwenye pikipiki. Kosa langu ni hilo, silifichi.

Siku ya tatu maji yakaisha. Kisima kilikuwepo kweli, kikavu, na pembeni yake kandambili moja ya bluu. Tukiwa tumeduwaa pale, mtu akatoka kwenye migunga. Mguu mmoja kandambili ya bluu, mwingine peku, mkononi dumu la njano. Akasema, "Mwangaluka."

Kwa asiye Msukuma: hiyo ni salamu ya asubuhi. Mchana tunasema mwadila, na hata mlevi hakosei. Nikamjibu, "Mwadila." Akanipita kwa macho kama vile mimi ni kichaka. Akamgeukia Ngusa: "Mwangaluka." Mama alitulea tusimsahihishe mtu mzima, anavyokusalimia ndivyo unavyoitikia. Ngusa akaitikia, "Mwangaluka."

Basi, ikawa imeisha.

"Twende kabla jua halijawa kali," mtu yule akamwambia. "Maji si mbali." Na Ngusa akaenda, jua likiwa limeshageuka.

Sasa nisikilize vizuri. Masanja alipiga magoti akasema, "Lukasi, nisamehe, nilisema nitarudi." Kwa masikio yangu haya! Kumbe alishapita huko, na kuna mtu alimwacha pale kisimani. Nikiwa nakimbiza mdogo wangu nikasikia pikipiki inawaka. Masanja huyo, kaondoka.

Mimi niliokotwa kesho yake na wafugaji, mbali na kisima, ulimi umevimba. Wafugaji hao hao wanasema siku hizi anayetokea mchana kuwaamkia si mmoja tena. Ni wawili, na yule kijana anacheka.

Tangu hapo nikiamkiwa mwangaluka, hata asubuhi kweupe, siwezi kuitikia. Mama anatoka chumbani, ananisalimia, nanyamaza, analia. Ikifika saa nane naizunguka nyumba mpaka jua lizame. Kukaa siwezi.

Wewe unayepanga kuvuka nyika, usiulize ramani kwanza. Uliza nani alitangulia, na sasa yuko wapi. Na ukiamkiwa jua likiwa limegeuka, ziba mdomo, hata kama anayekuamkia ana mvi.

Masanja, duka lako liko wazi mpaka leo. Polisi uliwaambia Ngusa alipotea kwa ukaidi wake, na jina la Lukasi hukulitaja. Njoo nyumbani, ukae mbele ya mama yangu, umwambie Lukasi alikuwa nani kwako, na ulimwacha pale saa ngapi. Sitaki uje mchana. Njoo asubuhi.