Picha Ndogo ya Tuire

Nyumba ya Bi Aune imefungwa tangu ahamie mji wa Oulu, na theluji imejaa mpaka dirishani. Zamani ukipita hapo Jumamosi ulikuta harufu ya vimkate vyake vya uji wa mchele imetapakaa barabarani. Alikuwa akinipa viwili, hanisemeshi, nami simsemeshi. Tulielewana hivyo.

Binti yake Tuire aliishi Oulu. Waligombana walipouza kibanda cha ziwani baada ya mzee Eino, mume wa Bi Aune, kufariki. Tuire akaufunga ukurasa wake mtandaoni, mama yake asiweze kuuona. Mama yake akabaki kuona kiduara tu, picha ndogo kama kifungo cha shati. Siku moja ile picha ikabadilika.

"Hebu tazama, wewe una macho," akaniambia. "Amebeba nini? Si mtoto huyo?"

"Si umpigie tu umuulize?"

Akanitazama kama niliyemtukana. Kwetu mambo ya mtu hayaulizwi. Akitaka atasema mwenyewe. Basi akatafuta njia ya kujua bila kuuliza: tovuti iliyoahidi kufungua picha zilizofichwa, bure, na mwenyewe asijue. Ilitaka namba ya simu ya Bi Aune na nywila ya ukurasa wake tu. Akaziandika.

Picha haikufunguka. Kesho yake ukurasa wake mwenyewe ukamkataa, na picha zote za Eino zilikuwa humo: Eino na samaki, Eino juu ya paa, Eino amelala mdomo wazi. Mpaka leo hazijarudi.

Pentti, jirani yetu, akaja akicheka. "Aune, asubuhi umeniandikia 'mpenzi wangu, nitumie pesa'. Mke wangu yuko njiani, jifiche!"

Bi Aune hakucheka. "Wamewaandikia wote? Basi na Tuire pia. Sasa ndiyo hatanitaka kabisa."

Simu ikalia. Masikio ya Bi Aune ni mazito, simu yake huiweka sauti ya juu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama, ni wewe umeniandikia kwamba unanipenda sana?"

"Si mimi. Ni wezi."

"Nilijua! Wewe huwezi kuandika hivyo hata ulewe."

Pentti akatazama dari.

"Nilitaka kuiona picha yako," Bi Aune akasema. "Nikawapa wezi ufunguo. Pale umebeba nini?"

"Paka, mama. Ungeuliza tu."

"Anaitwaje? Anakula vizuri? Na wewe, unakula?"

Nilimvuta Pentti mkono tukatoka, maana maswali ya miaka yote ile yalikuwa ndiyo kwanza yameanza.