Bamba la Shemeji

Karakana nzima ilimwita Kromu. Tangu ujana wake alizamisha vyuma kwenye beseni la dawa, akapitisha umeme, vikavikwa madini ya kromu, vikatoka vinang'aa hata ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, na mtambo mpya: pipa linalofungwa kabisa na kunyonywa hewa, ndani yake madini yanageuka mvuke na kutua juu ya chuma, utando mwembamba kuliko unywele.

"Shemeji, hilo ni koti au wanja?" Kromu alimtania.

"Wanja unaodumu, shemeji. Subiri."

Tajiri wa karakana akataka mashindano: mtambo ukishindwa unarudishwa, na binti huyo naye aondoke. Mabamba yaliyovikwa kwa njia zote mbili yakasuguliwa kwa jiwe. La Kromu likachubuka, la shemeji hata halikujali. Mengine yakawekwa kwenye kabati la ukungu wa chumvi, kupima kama yatashika kutu. Lilipofunguliwa, la Kromu lilikuwa safi. La shemeji lilikuwa limeota kutu.

Kromu, jamani, alicheka mpaka akashika meza. "Wanja umetiririka! Mwambieni dada yake ampokee!"

Shemeji alilipeleka bamba lake dirishani. Kromu akamfuata amsimange zaidi, akainama kulitazama. Kutu ile ilikuwa na umbo la vidole, vipana kama vyake.

Bamba hilo lilipokwisha kuoshwa, kabla ya kuingia kwenye pipa, Kromu alilipapasa kupima ulaini wake, kama alivyozoea maisha yake yote. Kwake dawa ya beseni huunguza jasho la mkono. Hapa jasho lilifungiwa chini ya utando, likazaa kutu.

Shemeji akautazama mkono wa Kromu. "Yaishe," alinong'ona. "Nitasema nilisahau glavu. Dada asisikie."

Aibu ikampanda Kromu mpaka masikioni. Afadhali tusi kuliko kusitiriwa na mtu ambaye yeye alikuwa ametoka kumcheka.

Tajiri akaingia. "Enhe, binti, turudishe mtambo?"

"Mimi nili..." binti alianza.

"Ni mimi," Kromu alisema. "Ni mikono yangu. Nililishika likiwa limeshaoshwa."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi."

Mafundi waliocheka naye wakaanza kujitafutia kazi za kufanya. Tajiri akaguna, akaagiza bamba lingine litengenezwe.

Lilioshwa mchana huohuo. Kromu alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

"Sogea basi uone, shemeji," binti alimwita.

"Hapa panatosha," akajibu, macho yakiwa sakafuni.