Batalioni ya Meja na Kuta za West Bay

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa buti za namba kumi ilhali mguu wangu ni wa nane, nikapelekwa kwenye mlango wa mnara wa vioo pale West Bay na kuambiwa nisimame, nisipige soga, nisiegemee kitu. Nikasimama. Wenzangu niliokuja nao kwa ndege moja waliegemea kabla ya adhuhuri. Mimi sikuegemea. Nalitaja hili mapema ili nyinyi vijana mnaosoma mjue mnasimuliwa na mtu wa namna gani. Niliishia darasa la saba huko Taita, nikabeba mizigo ya watalii katika hoteli ya mbugani, na mwishowe nikawa mkufunzi mkuu wa walinzi wa kampuni nzima. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Miaka ile metro haikuwepo hata kwenye maneno ya watu, na West Bay ilikuwa na winchi nyingi kuliko majengo yaliyokwisha. Ulinzi wenyewe wengi wanaudharau kwa kuwa wanamwona mtu amesimama tu. Kusimama ni nusu ya kazi. Kuna lindo, yaani mahali pako ulipopangwa, ambapo huondoki mpaka mwenzako aje asimame mbele yako, mpeane redio na funguo, umweleze kwa mdomo wako kilichotokea. Kuna doria, yaani kuzunguka ghorofa kwa ghorofa ukishika vitasa, ukinusa nyaya. Kuna paneli ya moto, lile sanduku la taa pale chini linalokuonyesha ni ghorofa gani inafuka moshi. Mlinzi asiyejua kusoma paneli ni sanamu iliyovalishwa sare.

Aliyetufundisha hayo alikuwa Mkuu wa Mafunzo, Mkanada, meja mstaafu wa jeshi la miguu. Tulimwita Meja, basi. Masharubu meupe, shingo imeiva kwa jua kama nyanya. Baba yake alipigana Vita Kuu ya Pili katika batalioni moja ya askari wa miguu, na yeye naye alipokua akaingia batalioni ileile. Aliirithi kama watu wa kwetu wanavyorithi shamba, na kila mpaka wake aliujua.

Kila asubuhi, katika uwanja wa makazi yetu kule Abu Hamour, kabla mabasi hayajatuchukua, Meja alitupanga mstari na kutusimulia kipande cha historia ile. Walinzi wengi Kiingereza kiliwapiga chenga. Mimi changu nilikiokota kwa watalii, nikiwa na masanduku yao kichwani, lakini kilikuwa kimetimia. Meja alinijaribu asubuhi moja, akaona watu wanacheka panapochekesha na kunyamaza panapotakiwa, akasema kuanzia siku hiyo ndimi mkalimani wake. Nadhani katika Kiswahili hadithi ilikuwa tamu zaidi kuliko alivyoisema yeye.

Batalioni, kwa asiyejua, ni watu kama mia nane. Inagawanywa katika kombania, kombania katika platuni, platuni katika seksheni, na seksheni ni watu wachache wanaojuana hata kwa kikohozi. Batalioni ya Meja ilivuka bahari hadi Uingereza ikakaa huko miaka ikifanya mazoezi tu, mpaka wanakijiji wakawauliza kama kweli wao ni askari. Kisha ikapelekwa Sisilia. Meli zilizobeba magari zikazamishwa njiani, kwa hiyo wakavuka kisiwa kile kwa miguu, katikati ya kiangazi, wakila vumbi, mizigo ikibebwa na punda waliowanyang'anya adui. Hapo walinzi wangu walicheka sana. Mtu aliyetoka Ukambani kuambiwa kuwa Mzungu naye alipanda mlima na punda, anafarijika.

Lakini kipande alichokipenda Meja kilikuwa cha mji mmoja wa Italia, kando ya bahari, wakati wa Krismasi. Adui alikuwa ameziba barabara kwa vifusi na kuelekeza bunduki kila njia panda. Aliyetia mguu barabarani hakuufikisha wa pili. Basi batalioni ikaacha barabara. Nyumba za mji ule zilishikana ukuta kwa ukuta. Askari waliingia nyumba ya kwanza, wakatoboa ukuta, wakaingia ya pili, wakatoboa tena, hivyohivyo mpaka mwisho wa mtaa, na barabarani hakuonekana mtu.

Na Krismasi walikula. Ndani ya kanisa, kombania moja mezani na zilizobaki vitani, kisha wanabadilishana. Utaratibu huo tuliuchukua mzima mzima. Siku ya Idi, sisi Wakristo tulishika malindo yote, Wazanzibari na Wapwani wakaenda kuswali na kula pilau yao. Krismasi wao wakashika, sisi tukaimba. Sikuwahi kuona kampuni nyingine Doha ikifanya hivyo bila kugombana.

Kisha Meja akasema tusikie kwa mikono pia. Alileta mabaki ya mbao za jipsamu, hizi zinazogawa vyumba vya ofisi, akazisimamisha uwanjani kwenye fremu zake za chuma, akatuamuru tuzipite. Akatuonyesha: gusa ukuta kwanza kwa nyuma ya kiganja, ukiwa wa moto uache. Gonga kwa vifundo vya vidole. Panapolia kama ngoma hapana chuma. Kaa mbali na soketi ya umeme. Toboa chini, karibu na sakafu, kwa sababu moshi hupanda na pumzi hubaki chini. Na kabla ya kupiga, piga kelele aliye upande wa pili asogee.

Otieno, rafiki yangu wa Kisumu, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani, alisimama na vumbi jeupe kwenye nyusi akaniambia, "Mwakio, mamangu akiuliza nasomea nini Uarabuni, nimwambie ujambazi? Nilikuja kulinda mlango, sasa nafunzwa kupita ukutani."

Meja akataka kujua anachekesha nini. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia Otieno arudie ukuta ule.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Mnara wetu tulikuwa tumeupata kwa majaribio. Mudir, yaani meneja wa jengo, bwana mmoja Mwarabu mwenye kanzu isiyojua kukunjamana, alikuwa amefukuza kampuni mbili kabla yetu. Alimwambia Meja mbele yetu sote kwamba lalamiko moja tu, khalas, tunaondoka. Kampuni haikuwa na mnara mwingine wa kutupeleka. Kuondoka pale kulimaanisha viza kufutwa na kupanda ndege, platuni nzima, maana Meja alitupanga na kutuita hivyo. Nyumba yangu ya mawe huko Wundanyi ilikuwa imefika kwenye linta, ile zege ya juu ya madirisha, na mtoto wa kwanza ameingia sekondari, ngazi ambayo baba yake hakuikanyaga. Tulisimama pale milangoni kama watu waliobeba mayai.

Majaribio yakiwa yanakaribia kwisha, alasiri moja, paneli ikawaka. Ghorofa ya kumi na mbili. Kabati la umeme katikati ya korido lilikuwa linaungua, na moshi mweusi wa nyaya ukajaza korido nzima. Tukawatoa watu kwa ngazi kama tulivyofundishwa, zimamoto wakapigiwa simu, wakawa njiani. Tukahesabu watu pale chini na kukuta hawajatimia. Simu ya Otieno ikalia. Alikuwa Haji, Mzanzibari mpika chai wa ofisi, mtu aliyetupa sote chai ya tangawizi bila kuulizwa. Yuko ndani na makarani wanne, ofisi yao mlango wake unatazamana na kabati lile lile. Moshi unaingia chini ya mlango, wameziba kwa taulo lililoloweshwa, na mmoja ameanza kuanguka.

Nikaiona ramani kichwani. Ofisi za upande ule zimepangwa kwa safu, na ya mwisho imekaa ubavuni mwa ngazi ya nyuma. Kutoka hiyo ya mwisho hadi kwa Haji ni kuta mbili. Lakini ile ya mwisho ndiyo ilikuwa mboni ya jicho la mudir. Alikuwa ametoka kuipamba kwa mpangaji mkubwa aliyetarajiwa wiki ile, kuta zimevikwa mbao ghali za mjozi, zinang'aa mpaka unajiona meno. Sisi tulikatazwa hata kuipitia kwenye doria.

Meja alikuwa Abu Hamour. Nikamwita Otieno, tukachukua mitungi miwili ya kuzimia moto, tukapanda ngazi ya nyuma. Mlango wa ile ofisi tuliufikia kwa kutambaa. Ndani moshi ulikuwa mwembamba. Nikagusa ukuta kwa nyuma ya kiganja: baridi. Ndipo redio ikasema kwa sauti ya mudir, kutoka chini.

"Mlinzi, uko wapi?"

Nikamwambia.

"Usiguse kitu humo. Ngoja zimamoto."

Otieno alinitazama. Mara ile moja hakuwa na mzaha. Akasema polepole, "Kaka, tukipiga huu tunarudi nyumbani sote."

Nilifikiria wale wa mji wa Italia. Nao bila shaka kuna mtu alikuwa na ukuta wake mzuri, ameupaka rangi, ametundika picha ya harusi. Nikamwambia Otieno, "Haji hawezi kungoja. Piga."

Tukapiga kwa kitako cha mtungi. Mjozi ule ulilia kama mti hai, kisha jipsamu nyuma yake ikamumunyuka. Tukapita kwa matumbo. Ukuta wa pili niligonga, nikapata panapolia ngoma, nikaita Haji kwa sauti iliyosikika hadi Wundanyi, nikamwambia asogeze watu dirishani. Mapigo matano au sita, na mkono ukatokea tunduni, ukaushika wangu. Karani aliyezidiwa tukamvuta kwanza juu ya zulia, wengine wakatambaa. Haji alitoka wa mwisho, kwa hiari yake. Zimamoto walitukuta kwenye ngazi, tunashuka nao.

Moto ulipozimwa tulipandishwa tena kwenye ile ofisi. Mudir alisimama mbele ya tundu, kanzu yake imeingia masizi kwa mara ya kwanza. Aliuliza nani alinipa ruhusa. Nikamwambia hakuna, nilijipa mwenyewe. Platuni yangu ilikuwa imejipanga koridoni inasikiliza, kila mtu anajiona uwanja wa ndege.

Meja akaingia, anahema kwa ngazi. Hakunisalimu. Akainama, akapima tundu kwa kiganja, akatingisha kichwa.

"Tundu dogo," akasema. "Baba yangu angekwama hapa."

Mudir akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaketi kwenye kiti kipya kilichojaa vumbi na kuuliza Haji yuko wapi. Haji akaja, macho mekundu, bado anakohoa. Mudir akamshika bega, akazungumza naye kwa Kiarabu kitambo. Halafu akanigeukia na kusema maneno ambayo nimeyarudia katika kila darasa nililofundisha tangu siku ile:

"Ukuta nitaita fundi aujenge. Haji ningemwitia fundi gani?"

Akasema kesho tuje kazini kama kawaida. Na mwaka ujao pia. Otieno ndiye aliyeanza kupiga makofi kule koridoni, na platuni nzima ikafuata, mpaka wale zimamoto wakajiunga bila kujua sababu.

Kuanzia hapo nilipanda kama mtu aliyepewa lifti yake mwenyewe. Mlinzi mkuu, kisha msimamizi wa zamu, kisha msimamizi wa mnara. Mudir alitusifu kwa wenzake, tukapewa minara mingine, na wakati wa kujenga metro tulishika malindo hata kwenye mashimo ya stesheni. Meja akaniweka karibu naye, nikawa mkufunzi, na hatimaye mkufunzi mkuu. Nimefundisha Wakenya, Waganda, Watanzania, hata Wanepali walionielewa kwa mikono. Kuta za mazoezi nilizobomoa Abu Hamour zingejenga mtaa.

Nimestaafu sasa, nywele zangu nyingi bado nyeusi, niko Taita. Nyumba ilipita linta zamani, ina ghorofa, na pale Voi nina chuo changu cha walinzi chenye jina langu juu ya lango. Vijana huja wakitaka kwenda Uarabuni upesi, wananiuliza kuna njia gani ya mkato. Nawaambia kazi yoyote, hata ya mlango, ina historia yake; mtafute anayeijua, umsikilize, na akikuambia utoboe ukuta usicheke sana. Cheti kitakupeleka hadi kwenye mahojiano. Ukishapewa lindo utabaki na kile kilichoingia mikononi.

Vyeo nilivipenda, siwadanganyi. Lakini kuna asubuhi moja ninayoiweka juu ya vyote, nayo ni ya mwisho ya Meja kabla hajarudi kwao Kanada. Aliwapanga walinzi wapya uwanjani, mimi ubavuni mwake, akaisimulia batalioni kuanzia meli hadi punda, hadi ule mji na kuta zake. Kwa kawaida alimalizia hapo, vita vikiisha na watu wakirudi makwao. Siku ile hakunyamaza. Alisema miaka mingi baadaye, katika mji wa Doha, mtu mmoja wa batalioni hii alizikuta kuta mbili kati yake na watu watano, akazipita. Akalitaja jina langu, akasimama wima, akanipigia saluti.

Walinzi wote wakanigeukia, wakingoja Kiswahili chake. Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Ila Meja alilitaja jina langu mara moja. Mimi nililitaja mara mbili.