Natembea Tu

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa vibali katika kambi moja upande wa Kasulu. Nilihamishiwa huko kutoka Tanga, na Kiswahili changu nilikibeba kifua mbele. Aliyekosea neno mezani pangu alikiona cha mtema kuni. Mungu anisamehe.

Mkimbizi hakutoka kambini bila karatasi yangu. Wenye wagonjwa au misiba niliwaandikia siku hiyohiyo. Wengine wote wangoje Ijumaa.

Jumatatu moja akaja mama wa Kirundi, mtu mzima, na kapu la unga wa muhogo. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza anakwenda wapi. Ujiji, kwa dada yake aliyeolewa huko zamani. Kuna nini huko?

"Natembea tu, bwana karani."

Nikacheka. Nikamsomesha mbele ya foleni nzima: aendaye Ujiji husema anasafiri; neno safari tumelipata kwa Waarabu, limefika huko na misafara ya pembe na watumwa. Kutembea ni neno letu wenyewe, la mtu mwenye nafasi, anayekwenda kupunga upepo ziwani. Nafasi hiyo wewe unayo, mama? Foleni ikacheka, maana karani akicheka nani atanuna? Yeye akatazama chini. Nikaandika "matembezi", karatasi yake nikaiweka chini ya zote.

Jumanne akaja tena, na Jumatano, akasimama pembeni na kapu lake. Nikamuuliza kama kuna shida Ujiji. Akasema hakuna, anatembea tu. Haya, nikamwambia, mwenye kutembea hana haraka.

Ijumaa akaenda. Jumatatu nikamwona mlangoni na kapu lilelile, unga haujapungua. Nami, mdomo wangu huu, nikamtania: vipi, dada hapendi ugali?

Akasema amekuta wamemzika Alhamisi.

Nilikasirika, nadhani kwa sababu niliogopa. Nikamuuliza kwa nini hakusema dada anaumwa, wakati ningemwandikia palepale.

"Kwetu mgonjwa hatajwi kabla hujamfikia. Ukimtaja, umemwitia kifo. Mama alitufundisha tuseme tunatembea tu. Nami nilitaka nimkute."

Kisha akatua kapu mezani pangu. Unga uliobebewa mtu haurudi nyumbani, alisema, basi nile mimi. Nikaupokea kwa mikono miwili. Kiswahili chote kile, na pole ikanishinda.