Mtumbwi Uliolala Nyumbani

Baba aliniuliza kama tuuze mtumbwi, nami nikasema tuuze. Natamani ningekataa. Enzi zetu mtoto hakuulizwa mambo ya mali, kwa hiyo ile kuulizwa tu ilinilevya. Siku ile ningekubali hata kuuza nyumba tukiwa ndani. "Wewe ndiye mkubwa," baba alisema, "amua." Mtumbwi ukiuzwa, mmoja wetu angekwenda sekondari. Akaenda mkubwa. Pacha wangu Doto alikuwa nyuma ya nyumba akipara samaki, na hakuna aliyekwenda kumwita.

Mimi ni Kulwa. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, kwa hiyo mgeni hakuwa na haja ya kuuliza nani mkubwa. Nilimtangulia Doto kwa muda wa kuchemsha sufuria moja ya chai. Bibi yetu aliona muda huo unatosha, akataka Doto aniamkie shikamoo kila asubuhi. Doto akamwambia ataniamkia siku nitakapoota mvi kabla yake. Bibi alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, na jambo likaishia hapo. Hatukuamkiana. Tuliitana "we", na ilitosha.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya ziwa mtakumbuka kwamba ufuko ulikuwa wa watu mchana, usiku ukawa wa viboko. Kiboko hakuwa na ubaya na mtu. Alipanda kula majani, na kama mtumbwi wako ulikuwa njiani, alipita juu yake bila chuki. Baada ya kupoteza mitumbwi miwili kwa namna hiyo, baba aliamua kwamba wa tatu ungelala nyumbani. Aliokota magurudumu mawili ya kitoroli kilichotupwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akayaunga kwa gogo, na kuanzia hapo mtumbwi wetu ukawa unapandishwa mlima jioni na kuteremshwa alfajiri. Kijiji kizima kilitucheka. "Mgonjwa wenu anaendeleaje?" walituuliza, kwa sababu ulifunikwa turubai na ulikwenda polepole kama mtu anayepelekwa hospitali.

Kazi ile ilitaka watu wawili. Mmoja alitangulia na kushika mpini, mwingine alibaki nyuma na kamba. Wakati wa kupanda, wa nyuma alisukuma. Wakati wa kuteremka, wa nyuma ndiye aliyekuwa breki: unajifunga kamba kiunoni, unachimba visigino mchangani, unaegemea nyuma kama unayekataa kwenda shule. Doto alitangulia kwa sababu alijua njia ya kukwepa mawe. Mimi nilishika nyuma kwa sababu nilikuwa mnene. Hakuna aliyeona aibu kulisema.

Majini ilikuwa vivyo hivyo. Doto alishika tanga na kasia la kuongozea. Tanga lenyewe mama alilishona kwa magunia ya unga, na lilipojaa upepo lilisomeka KILO HAMSINI pande zote mbili. Mimi nilihama upande huu na upande ule kuzuia tusipinduke, na katikati ya kuhama nilikomba maji kwa kopo la mafuta. "We, kalia kulia!" Doto alipiga kelele. "We, umekalia kamba!" Tulikula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yakiwa yamelowa na yana ladha ya samaki, na sijala kitu kitamu kama kile tangu wakati huo, ingawa ninakoishi wanajivunia sana mapishi yao. Shuleni mwalimu alitukalisha dirishani kwa ajili ya harufu. Tulidhani ni heshima.

Mtumbwi ulinunuliwa na mtu wa ng'ambo ya ghuba. Doto ndiye aliyeupeleka, na siku hiyo nyuma alishika mnunuzi. Muhula wa kwanza ulipokwisha nikarudi nyumbani na kaptura ya shule na maneno machache ya Kiingereza. Doto alikuwa uani. Alifuta mikono, akasema, "Shikamoo, kaka."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuwa na utani wowote. Ningeweza kumrushia kopo, au kumwambia "we, acha ujinga." Nilisema, "Marahaba." Niliipenda, sitaficha. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani hakuna siku nyingine niliyojiona msomi kama ile.

Sasa niko Guangzhou, China. Nimekuwa wakala wa mizigo kwa miaka mingi kuliko niliyokusudia, katika ofisi ndogo ya jengo la Tianxiu, ambako kila mlango una mtu wa kwetu anayesubiri kontena. Nikiona kitu chochote, kabati, jeneza, tembo wa sanamu, najua vitaingia vingapi kwenye kontena moja. Ni elimu. Jirani yangu wa ofisi ni Papa Kasongo, Mkongo wa Kalemie anayepakia jinzi za Xintang. Yeye ndiye aliyekuja kuniambia kuna maonyesho ya boti, na kwamba kuna boti ndogo za tanga zinazokaa juu ya trela. "Unavuta na voiture mpaka nyumba," alisema, maana kwake gari ni voiture na ua ni parcelle. "Inalala mu parcelle yako, kama mbuzi."

Nilivaa koti siku hiyo hiyo. Doto ana nyumba palepale mlimani. Nilitaka kumrudishia mtumbwi unaolala nyumbani, na nilitaka, siku utakapofika, anipigie simu na kuniita "we". Sikumwambia Kasongo hilo. Nilimwambia natafuta biashara.

Ukumbi ulikuwa na zulia jekundu na boti nyingi sana, na maji yaliyokuwemo ni yale ya vikombe vya karatasi. Vijana walivaa majaketi ya kujiokoa juu ya zulia, wakashika usukani, wakapigwa picha na nywele zikipeperushwa na feni. Enzi zetu mtu alilowa kwanza ndipo akajisifu. Siku hizi unaanza na sifa, na kulowa si lazima. Sisemi ni vibaya, nguo zinadumu.

Nilizikagua tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, na kibanda mbele chenye vitanda viwili. Kasongo aliipenda. "Mzee Kulwa, iko na chambre! Mutu analala mule na muke wake!" Ilikuwa nzito, mkuku wake, ule uti wa chini ya boti, ulikuwa wa chuma na haukupanda juu, na kwa mlima wetu ungeng'oa barabara yote. Ya pili ilikuwa ya plastiki ya buluu, nyepesi kama beseni. Niliisukuma kwa kidole ikaitika. Upepo wa ziwa ungeichukua pamoja na trela. Ya tatu ilikuwa wazi, ya rangi ya mbao, mkuku wake ubao unaovutwa juu kwa kamba, mlingoti unalazwa kwa pini moja. Nikapiga magoti kuangalia magurudumu ya trela.

"Papa, bateau inatembea juu ya maji," Kasongo alisema, "na wewe unaangalia matairi!"

"Nusu ya maisha yake itakuwa barabarani," nilimjibu.

Muuzaji alikuwa binti mwenye Kiingereza safi. Alituita laoban, yaani bosi, jina ambalo katika mji huu kila mtu hupewa kabla ya kutajiwa bei. Nilimuuliza kuhusu kila moja ya zile tatu: kulaza mlingoti kunataka watu wangapi, na kuivuta, na kuiteremsha majini. Kwa kila moja alitabasamu na kuinua kidole kimoja. Mtu mmoja anatosha. Alilisema kama mtu anayetangaza zawadi. Nikamuuliza kama kuna inayohitaji wawili.

"Mei you," alisema, hakuna, na akaniomba radhi.

Nilimpigia Doto simu ya video. Huku ilikuwa saa tisa alasiri, kwao saa nne asubuhi. Uso wake ukatokea karibu mno, kisha mjukuu wake akaisogeza simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nataka uone kitu."

Nikaizungusha kamera kwenye boti ya tatu. Akasogeza uso kwenye simu. Kisha, "Sogea. Onyesha chini." Nikainama. "Huo ubao unapanda?" Nikavuta kamba, ubao ukapanda. "Na mlingoti?" Nikashika pini. "We! Usiitoe kabla hujashika mlingoti! Utakuangukia!"

Nikaacha mkono palepale kwenye pini. Nilikuwa sijalisikia neno lile kinywani mwake tangu nilipokuwa mvulana. Kasongo aliniuliza kama nimejikata.

"Nimeshika," nilisema. "Na magurudumu haya, unayaonaje? Ungetoka hapo mlangoni mpaka majini."

"Mazuri." Alikuwa anacheka kidogo. "Tungekuwa nayo haya, baba asingeumwa mgongo. Na nyuma anashika nani?"

"Hashiki mtu. Inavutwa na gari, au hata bodaboda. Mtu mmoja anatosha."

Nilijua nimekosea kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa nimemkariri binti wa Kichina neno kwa neno. Doto aliitazama boti kidogo, kama mtu anayetazama picha ya harusi asiyoalikwa.

"Ni nzuri sana, kaka," alisema. "Ukiona inafaa, nunua. Wewe ndiye mkubwa, amua."

Nimeishi na maneno yale tangu utotoni, na niliyafahamu yalipokuja. Nikamwambia safari hii siamui. "Nilipaswa kusema vile siku ile ile. Nilipaswa kutoka nje nikuite. Amua wewe, nami nitakuja kushika nyuma."

"Kaka," alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "tumeshapita sabini. Mimi goti moja halikunji. Hapa nina mbuzi, nina wajukuu. Ziwani sijaenda siku nyingi. Mtumbwi ule nilimaliza kuusubiri zamani." Akaichukua simu kwa mjukuu. "Asante kwa kunikumbuka. Umekula mchana?"

Nikasema nimekula. Akaniombea afya, akamsalimia Kasongo, akakata simu kwa adabu zote.

Binti akaniuliza, laoban, unachukua? Nikamwambia nafikiri. Alinipa mfuko wa karatasi na kofia yenye picha ya nanga. Tukiwa ndani ya treni Kasongo alieleza faida za chambre mpaka tulipofika Xiaobei, kituo chetu. Kofia nimempa yeye.

Enzi zetu mtumbwi haukutoka uani bila mtu wa pili, na kwa hiyo hukuweza kumnunia ndugu yako zaidi ya usiku mmoja. Alfajiri kamba ilikuwa inakungoja. Siku hizi boti ni nyepesi, mlingoti unalala kwa pini moja, na kila mtu anakwenda majini peke yake na kurudi anapotaka. Ni maendeleo, na mimi ndiye ninayeyapakia.

Sekondari ilinipa Kiingereza, Kiingereza kikanipa kazi, kazi ikanileta huku. Sidai kwamba sikupata kitu. Lakini nimejiuliza mara nyingi niliuza nini siku ile, na jibu si mtumbwi. Nilizaliwa na pacha. Nilipomwambia baba tuuze, nilimpoteza pacha wangu, nikapewa mdogo mwenye adabu ambaye huniamkia kila ninapompigia simu, na ukiacha lile moja lililomponyoka nikiwa nimeshika pini, mpaka leo sina mtu wa kuniita "we".